Mawe ya Kurunzi ya Mwalimu Msabaha

Bi Mwaija alikuwa mtu wa kinyaa, na hakuna aliyekaa Dunda miaka ile ya hamsini asiyelijua hilo. Samaki aliwaosha kwa ndimu, akawaosha kwa chumvi, kisha akawarudia kwa ndimu hadi mumewe akauliza kama siku hiyo wanakula samaki au achari. Nzi akitua juu ya chapati, chapati ile ilikwenda kwa kuku. Na mwanamke wa namna hii, katika wanaume wote wa Bagamoyo, akajaliwa kuolewa na Mwalimu Msabaha, ambaye hakuwa na uwezo wa kutupa kitu.

Mwalimu alisomesha chuo cha Kurani barazani kwake. Alikuwa mpole, wa sauti ya chini, na kanzu yake ilikuwa nyeupe kila siku ya Mungu. Hilo la kanzu mkewe alilikubali hata akiwa amekasirika, maana ni yeye aliyeifua. Lakini kwa Mwalimu kutupa ni israfu, na israfu ni dhambi. Kamba zilizokatika, vifuniko visivyo na chupa, kubazi la mguu mmoja, vyote aliviweka akingoja siku yao ya kufaa. Bi Mwaija aliyameza yote hayo kimyakimya hadi mawe ya kurunzi yalipoingia nyumbani.

Kurunzi zilikuwa zimeenea mjini, na kila kurunzi ilikula mawe. Hizi betri nene zenye koti la karatasi kila mtu aliziita mawe. Yakifa, watu waliyavurumisha popote mkono ulipoelekea: jalalani, ufukweni, nyuma ya choo cha jirani. Mwalimu akawa anayaokota njiani akitoka msikitini. Watu wakamwona, wakadhani anayahitaji, nao wakaanza kumletea. Wengine walimletea kwa heshima kabisa, wameyafunga kwenye leso kama wanaompelekea mgonjwa mayai.

Kwanza aliyaanika juani ili yapate nguvu tena, na mahali alipopaona panafaa kuyaanika ni kwenye mkeka uleule wa mkewe wenye papa mkavu. Yaliyokataa kufufuka kwa jua aliyafukia kwenye majivu ya moto jikoni. Yaliyokataa na majivu pia aliyatia kwenye kapu, akalisukuma kapu chini ya kitanda. Huko yakavimba. Yakapasuka, yakatoa utomvu wa rangi ya kahawia ulionata sakafuni na kuganda kwenye ukindu wa kapu, na chumba kikajaa harufu ambayo Bi Mwaija hakuweza kuifananisha na kitu kingine ila ladha ya sarafu ya peni ya shaba ukiiweka ulimini. Alilala juu ya uvundo ule amejifunika upande wa khanga puani, akiomba subira kwa Mungu na kwa mumewe akiomba kapu litoke. Subira alipata kidogo, kapu halikutoka.

Halafu Mwalimu akagundua weusi.

Ndani ya jiwe la kurunzi kuna unga mweusi, laini, mweusi kuliko masizi ya sufuria aliyokuwa akitengenezea wino wa mbao za wanafunzi. Mwalimu alipolipasua jiwe kwa kisu na kuukoroga unga ule na gundi ya mti, alipata wino uliokaa juu ya ubao ukang'aa. Alifurahi mno. Kile kijiti cha katikati akakifanya cha kupigia mistari. Zile ngozi za bati akazikata vidau vya kuwekea wino huohuo. Hakikubaki kitu. Barazani watu wakasifu mwandiko, na Mwalimu, ambaye hakuwa mtu wa majivuno, alijivuna.

Bi Mwaija hakuingilia mambo ya chuo. Mambo yake wakati huo yalikuwa ni mwanawe Zuleha.

Zuleha aliolewa Saadani na bwana mmoja anayeitwa Sadallah, mtu mwema. Mimba yake ya kwanza iliharibika huko, na ya pili ikaharibika hukohuko. Hii ya tatu ilipokamata, Sadallah mwenyewe alimleta kwa wakwe zake, akasema, "Mama, nimekuletea mwanao. Mimi nimeogopa." Bi Mwaija akampokea binti, akamtandikia kitanda cha kamba chumba cha uani penye upepo, na tangu siku hiyo kila kitu kilichoingia mdomoni mwa Zuleha kilipita kwanza mikononi mwake. Yaani kila kitu isipokuwa kombe.

Kombe liliandaliwa na baba. Kila asubuhi Mwalimu alichukua sahani nyeupe, akaandika aya kwa zafarani, akaziosha kwa marashi, na maji yale akampa binti yake anywe kwa ajili ya kuishika mimba. Zuleha aliyanywa hadi tone la mwisho, akabusu mkono wa baba. Tumbo lilikuwa linakua. Alikuwa na hakika kwamba ni maji yale yaliyomshika mtoto wake mahali pake, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumbishia.

Mwezi wa kujifungua ulipoanza kukaribia, Zuleha akageuka mgonjwa. Asubuhi alitapika. Bi Mwanamvua, jirani yao wa ukuta kwa ukuta ambaye pia ndiye mkunga, alisema wajawazito wengine huwa hivyo hadi mwisho. Lakini Bi Mwaija ndiye aliyekuwa akishika bakuli la matapishi, na matapishi yalikuwa na weusi. Hayakuwa na rangi ya nyongo wala ya chakula. Chini ya bakuli palituama kitu kama mchanga uliosagwa. Akamwambia binti afungue kinywa. Ufizi ulikuwa na utando wa kijivu, na ulimi ulikuwa kama wa mtu aliyelamba chungu upande wa nje.

"Mwanangu, umekula nini?"

"Alichonipa mama," Zuleha akajibu, akajaribu kucheka, akatapika tena.

Bi Mwaija alitoka na bakuli mkononi, akipita ukumbini kwenda kulimwaga, na uani ndipo alipomkuta mumewe amechutama kivulini. Jiwe la kurunzi lilikuwa limepasuliwa mbele yake kama jongoo. Alikuwa anautwanga ule unga. Alikuwa anautwanga ndani ya kinu kidogo cha bizari.

Bi Mwaija alisimama akakitazama kinu. Kilikuwa kilekile, chenye ufa mdogo ukingoni, alichopewa na mama yake mzazi.

"Mwalimu," akasema, "hicho ni nini?"

"Wino," akajibu bila kuinua uso. "Unga wa safari hii umekuja na mabonge."

"Nauliza kinu."

"Aa, kinu usitie wasiwasi, mama Zuleha. Kila nikimaliza nakitia tohara. Nakikosha mara tatu kwa maji ya kumiminia."

Mchuzi wa jana ukapita mbele ya macho ya Bi Mwaija. Ukapita na wa juzi, na pweza wa Ijumaa, na pilau ya watu waliokuja kumwona Zuleha, bizari yote ya vyakula hivyo imetoka ndani ya shimo lile. Alihisi meno yake yana mchanga. Aliliweka bakuli chini, akakimbilia karo la vyombo, akatapika hadi machozi yakamtoka.

"Unaumwa?" Mwalimu akauliza, amesimama sasa, mchi mkononi, vidole vyeusi hadi kwenye vifundo.

"Naumwa na wewe!"

Alisukutua, akasukutua tena. Ndipo wazo la pili lilipomfikia, na hilo lilikuwa baya kuliko la kwanza.

"Kombe la Zuleha unaliandika kwa kitu gani?"

"Zafarani imekwisha mjini. Dukani wanasema hadi meli."

"Unaliandika kwa kitu gani, Mwalimu?"

"Kwa wino."

Watu waliomjua Bi Mwaija wangetegemea apige kelele. Hakupiga. Aliongea kwa sauti ya chini kuliko ya mumewe, na Mwalimu akaogopa. Alimwambia kwamba anamlisha mwanawe usaha wa betri. Alimwambia aje alitazame bakuli. Mwalimu alikuja akalitazama, akarudi nyuma hatua, lakini mtu aliyezoea kuulizwa na kujibu haachi kujibu.

"Hii si najisi," akasema. "Najisi zinajulikana, zimetajwa. Damu imetajwa, mkojo umetajwa, mbwa katajwa. Nionyeshe kitabu kilichosema jiwe la kurunzi ni najisi."

"Na sumu ya panya ni najisi?"

Mwalimu akauweka mchi chini.

"Nauliza mimi mjinga. Sumu ya panya ni najisi, au ni tohara?"

"Sumu ya panya ni sumu."

"Basi mpe mwanao na hiyo, ukishaikosha mara tatu!"

Alimpa masharti papo hapo, kabla hasira haijapoa na huruma kuingia. Zuleha akinywa tone jingine la wino ule, atamchukua na tumbo lake hivyohivyo na kumpeleka Miono kwa kaka yake, na Dunda nzima itajua sababu. Mbao za chuoni zirudi kwenye masizi. Kinu akakichukua mwenyewe kwa ncha za vidole, akakipasua kwa shoka akakichoma moto, akalia, kwa kuwa kilikuwa cha mama yake.

"Na lile kapu lako litoke nyumbani kwangu leo hii," akasema. "Sitaki kuliona. Yatafutie mawe yako mahali pasipokanyagwa na mtu."

"Nitayatafutia," akasema Mwalimu. Alikuwa ameshikwa na haya, na alitaka sana kutii.

Kwa Zuleha, Bi Mwaija alidanganya. Alimwambia zafarani imekwisha, kwa hiyo kombe litangoja. Alijiambia ni kwa ajili ya moyo wa binti, asije akajua kwamba kitu alichokitegemea ndicho kilichokuwa kikimla. Ni kweli, lakini si kweli yote. Alikuwa pia anasitiri nyumba. Mke wa mwalimu wa chuo atamwambia nani kwamba mumewe amemnywesha bintiye uchafu kwa jina la Mungu?

Zuleha akapona. Ulimi ukarudi rangi yake, akala wali wa nazi, akaomba na ukoko. Bi Mwaija akasugua sakafu chini ya kitanda kwa majivu na maji ya moto hadi magoti yakamuuma, na usiku akalala bila khanga puani. Kwa siku chache nyumba ile ilikuwa nyumba ya watu.

Kisha asubuhi moja Zuleha akashika mbavu, akatapika uji. Kesho yake akatapika maji matupu. Mara hii alikuwa anatetemeka, na mtoto, akasema, hachezi kama jana.

Bi Mwaija aliingia chumbani kwa mumewe akapekua. Alivinusa vidau vya wino: masizi. Alivinusa vidole vya Mwalimu mwenyewe, akiwa amevishika kama anayekagua samaki sokoni, na Mwalimu akaviacha vinuswe. Hapakuwa na kitu. Akarudi jikoni amechanganyikiwa, akajimiminia chai kutuliza kichwa, akanywa funda moja.

Peni ya shaba.

Alitema. Akaonja sukari, haikuwa na neno. Akaonja majani makavu, nayo pia. Akachota maji ya mtungi kwa kata, akayaweka ulimini: ladha ileile.

Kisima kilikuwa uani, kimejengwa kwa mawe ya matumbawe na babu yake Mwalimu, na nyumba ya Bi Mwanamvua pia ilikitumia, mlango wao ukiwa hapohapo pembeni. Bi Mwaija aliteremsha ndoo akaiacha iguse chini kabisa, jambo ambalo kwa kawaida hufanyi, kisha akaivuta. Juu ya maji palielea utando wenye rangirangi. Kwenye ukingo wa ndoo paling'ang'ania kipande cha karatasi kilicholowa, chekundu na buluu, kinene na kilainifu kama ngozi ya mtu aliyekaa majini. Alikitambua. Lilikuwa koti la jiwe la kurunzi.

"Hodi wenyewe," sauti ya Bi Mwanamvua ikaita. Alikuwa ameingia na debe lake, khanga imefungwa kiunoni.

"Usiteke!"

"Kuna nini? Paka katumbukia?"

"Heri angekuwa paka."

Hapo Bi Mwaija angeweza kusema lolote. Angesema ni popo, angesema ni chura, Bi Mwanamvua angekunja pua na kwenda zake, na nyumba ingebaki imesitirika. Alimtazama jirani yake, mwanamke aliyempokea Zuleha akizaliwa kwa mikono yake miwili, ambaye wajukuu wake walioga na kunywa maji haya tangu lini hajui. Akasema. Alisema yote, wino, kinu, kombe na kapu, na kila neno lilimtoka kwa shida kama mwiba wa samaki kooni. Bi Mwanamvua aliliweka debe lake chini polepole.

Mwalimu aliwakuta wamesimama hivyo, akitoka barazani.

"Mawe uliyapeleka wapi?" Bi Mwaija akamuuliza.

"Mahali pasipokanyagwa na mtu," akasema. Uso wake ulikuwa mweupe wa nia njema. "Yale hayakuwa takataka tu, mama Zuleha. Weusi wake umekwisha kutumika kuandikia maneno ya Mungu. Jalalani yangepekuliwa na kuku. Ufukweni, wewe mwenyewe unajua watu wanakwenda kufanya nini ufukweni asubuhi. Nikakumbuka kurasa za msahafu zikichakaa huzamishwa kwenye maji safi. Na maji safi kuliko haya Dunda hakuna. Niliyashusha taratibu. Nilisoma na dua."

Bi Mwaija aliitua ndoo chini. Ni yeye aliyemwambia, na mumewe alitii kila neno, akaongeza na heshima juu yake. Laiti angesema kwa nini. Laiti angesema, hata kwa hasira, kwamba kinachotisha ni kile kinachotoka ndani ya mawe na kwenda kwenye maji na chakula. Yeye alisema tu asiyaone. Alijichukia kwa hilo, na alimchukia mumewe, na kinyaa kilikuwa kimemjaa mpaka kwenye nywele.

"Mama."

Zuleha alikuwa mlangoni, ameshika kizingiti kwa mkono mmoja na tumbo kwa mwingine. Haijulikani alikuwa amesimama pale kwa muda gani.

"Mama, uliniambia zafarani imekwisha."

"Ilikwisha, mwanangu."

"Basi siku zile maji yalipogeuka meusi nilikuwa nanywa nini?"

Bi Mwanamvua akatazama chini. Bi Mwaija akafungua kinywa, lakini Mwalimu alimtangulia. Huenda ndiyo mara ya kwanza katika maisha yake aliyojibu swali bila kutaja kitabu.

"Mawe ya kurunzi," akasema. "Na sasa yamo kwenye maji ya kisima. Ni mimi."

Zuleha aliinama pale pale mlangoni akatapika, na hapakuwa na kitu cha kutapika.

Mwalimu akavua kofia. Akavua kanzu, akaikunja, akaiweka juu ya ukingo, akabaki na msuli na kifua chake chembamba ambacho hata jirani hakuwahi kukiona. Akafunga kapu kwenye kamba, akashika vishikio vilivyochongwa kwenye mawe ya kisima, akashuka. Kiangazi kilikuwa kimeyapunguza maji, yalimfika kifuani. Wanawake walimsikia akivuta pumzi na kuzama, akiibuka, akizama tena. Kapu la kwanza lilipopanda, Bi Mwaija aliyapokea mawe kwa mikono yake mwenyewe, yamefura, yamechanika, yanateleza kwa ute wa kahawia uliomwingia kwenye kucha. Hakufumba macho. Bi Mwanamvua aliyapokea pamoja naye, akisema "Astaghfirullah" kwa kila moja, na wazazi waliokuja kuwachukua watoto wao chuoni walisimama penye ua wakaona kila kitu.

Safari hii Bi Mwaija hakumwachia mtu kazi ya kuyatafutia mahali. Mawe yote, na utando, na kapu lililoyabeba, viliingia kwenye mtungi mkavu usio na ufa. Akauziba mdomo kwa kifuniko na chokaa nene, akangoja chokaa ikauke, kisha wakauzika yeye na mumewe kwenye mwinuko wa changarawe nje ya mji, pasipolimwa wala kuchimbwa kisima. Watu wa Dunda waliambiwa mlango kwa mlango wasiyatupe mawe yao ovyo, waje nayo, mtungi wa pili upo. Aliyewaambia ni Mwalimu, na kila mlango ilibidi aeleze sababu. Kisima kilitapishwa, kikafunikwa kwa mbao. Maji yakawa yanaletwa kutoka mtaa wa pili kichwani mwa Bi Mwaija.

Zuleha alijifungua mtoto wa kiume mikononi mwa Bi Mwanamvua. Alikuwa mdogo, mkavu, mwenye sauti. Bi Mwaija alimgeuza huku na huku, akamfungua kinywa, akatazama ufizi na ulimi, akaona vina rangi ya waridi, ndipo akakaa chini akalia kwa nguvu bila kumwonea mtu haya.

Mwalimu alibisha hodi akiwa na kikombe. Meli ilikuwa imekuja. Alikuwa ameandika aya kwa zafarani, akaziosha kwa marashi, na maji yalikuwa ya manjano safi ambayo ungeweza kuona kitako cha kikombe. Aliingia amekishika kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo baba," akasema Zuleha.

"Marahaba, mwanangu. Hongera. Hili ni la zafarani."

Zuleha alikipokea. Akakileta karibu na uso, akakinusa, akakaa nacho. Kisha akakiweka sakafuni, kwa adabu, mbali na mtoto.

"Nitakunywa baadaye, baba," akasema.

Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Akabaki amesimama, mikono yake mitupu imening'inia, hadi mkewe alipoinama akakiokota kikombe na kunywa funda moja mbele yao wote. Zuleha alimtazama mama yake akimeza, akangoja, na hakunyoosha mkono.